Separate: namna ya kulisoma, kulitamka na kulitafsiri bila kukwama

Maswali kuhusu neno la Kiingereza separate ni yale yale. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza kule Pongwe, Tanga, amefungua kitabu cha kemia, amekutana na separate kila aya, na kamusi imempa neno moja tu: tenganisha. Mfua nguo wa hoteli pale Raskazone anauliza kama separate whites ni kuzifua nyeupe peke yake au kuzitoa kwenye mashine. Karani anayemjazia mtu fomu hajui tofauti ya Separated na Divorced, na mtu mwenyewe amesimama mbele yake anasubiri. Mwongozo huu ni wao wote.

Nadharia ni moja tu, mengine yote ni kazi. Separate hutaja matokeo: vitu vilikuwa pamoja, sasa haviko pamoja. Namna ilivyofanyika haisemi. Kiswahili kinataka namna: ungo umerushwa au umetikiswa, kitu kimechujwa au kimebanduliwa, wagomvi wameamuliwa. Ndiyo maana tenganisha huwa haikosei sana, lakini mara nyingi haimwambii msomaji afanye nini kwa mikono yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza:

- Sentensi nzima ya Kiingereza, si neno peke yake. Ukiletewa neno tupu, mrudishe aliyelileta akatafute lilipotoka.
- Kamusi mbili: ya Kiingereza kwa Kiswahili na ya Kiingereza kwa Kiingereza. Hiyo ya pili ndiyo itakayokuonyesha sentensi za mfano.
- Simu yenye kamusi ya sauti, usikie matamshi.
- Daftari lenye safu tatu: sentensi ya Kiingereza, kitendo chenyewe, sentensi ya Kiswahili. Safu ya kati usiiruke. Hiyo ndiyo inayookoa kazi.
- Saa moja ya utulivu kwa mara ya kwanza. Baadaye dakika mbili kwa sentensi zinatosha.

Hatua ya 1. Shika tahajia na sauti

Kosa linaloongoza ni kuandika seperate, yaani e mahali pa a. Kijana wa Tanga ana dawa yake mdomoni tayari: kusepa, lile la mtaani la kuondoka. Andika sepa, kisha ongeza rate. Sepa na rate, separate. Maana hazihusiani, tunaazima herufi tu.

Maumbo mengine yanafuata: separates, separated, separating. Kwenye separating ile e ya mwisho hudondoka. Jina la tendo ni separation. Mashine ni separator, na mwisho wake ni -or, si -er.

Sasa sauti. Likiwa kitenzi, hutamkwa SE-pa-reit. Likiwa kivumishi, herufi ni zile zile lakini sauti ni SE-prit, irabu ya katikati karibu imemezwa. Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi husema se-pa-REI-ti, tena na i ya kufungia. Viondoe vyote viwili: mkazo uwe mwanzoni, na t ya mwisho ikatike bila irabu. Zoezi ni hili, lisome kwa sauti mpaka ulimi uzoee: Please separate the keys. We need separate keys. La kwanza linaishia reit, la pili prit.

Hatua ya 2. Amua ni kitenzi au kivumishi

Likianza sentensi ya kuagiza, au likitanguliwa na to, will, must, can au please, ni kitenzi: kuna kazi ya kufanya. Likikaa kabla ya jina, au baada ya keep, be na are, ni kivumishi: linaeleza hali tu.

Please separate the bills ni agizo: zigawe bili. Separate bills, please ni maelezo: kila mtu na bili yake. Mhudumu wa mgahawa atafanya jambo lile lile mwisho wa yote, lakini mfasiri wa maelekezo ya dawa hana bahati hiyo. Keep separate from food maana yake weka mbali na chakula. Akiandika "tenganisha na chakula", msomaji ataelewa kwamba dawa na chakula vimeshachanganyika na sasa kazi ni kuvichambua.

Separately ni kielezi. Kwenye lebo ya nguo, Wash separately ni "Fua peke yake", na sababu yake karibu kila mara ni kwamba nguo inachuja rangi. Separate whites from colours ni jambo jingine: "Tenga nyeupe na za rangi kabla ya kufua." Hapo mfua nguo wa Raskazone amepata jibu lake.

Hatua ya 3. Uliza: vilikuwaje kabla?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiharakishe. Kwenye safu ya kati ya daftari andika hali ya vitu kabla ya kutenganishwa. Kuna hali tano, na kila moja ina vitenzi vyake.

*Vimechanganyika.* Chukua ungo wa mchele uliotwangwa. Ukiurusha juu na kuudaka, pumba hupeperuka mbele: huko ni kupepeta. Ukiutikisa ungo taratibu huku ukiuchezesha, chenga hujikusanya upande mmoja na punje nzima upande mwingine: huko ni kupembua. Halafu vidole viwili vinaingia kuokota chuya na vijiwe, kimoja kimoja: huko ni kuchagua mchele, au kuuchambua. Mchele ule ukisagwa, unga wake ukapitishwa kwenye chekeche, ni kuchekecha. Hizo ni kazi nne, mikono inakwenda njia nne, na maelekezo ya Kiingereza yanaweza kuziita zote separate bila kukosea.

Kwa majimaji kitenzi ni chuja. Separate the milk from the pulp, kwenye maelezo ya kupika kwa nazi, ni "Chuja tui, machicha yabaki." Anayeandika "tenganisha maziwa na nyama ya nazi" anamfukuza mpishi yeyote wa Ngamiani jikoni kwake.

*Vimeshikana.* Kilichobandikwa hubanduliwa: lebo kwenye chupa, plasta kwenye ngozi. Kilichoambatana kama ganda na mti huambuliwa. Kilichobana hubanuliwa. Kilichochomekwa huchomolewa. Punje zikitoka kwenye gunzi ni kupukuchua, kumbi likitoka kwenye nazi ni kufua. Tear along the line and separate the two copies, kwenye stakabadhi, ni "Chana kwenye mstari, ubakie na nakala yako." Watu wanajua cha kufanya na karatasi yenye vitobo, usiwaandikie insha.

Kwa mkonge wetu, sentensi kama The machine separates the fibre from the leaf inataka uijue mashine. Korona, ndiyo mashine yenyewe ya kuchakata mkonge, haikati wala haivuti. Inaliponda jani na kuparua nyama yake, maji yanaisafisha, na singa zinabaki. Singa zenyewe ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo kinachotoka ni kingi kuliko kinachobaki. Andika "Mashine huparua nyama ya jani, zikabaki singa." Mfanyakazi wa shamba la mkonge ataiona kazi yake ndani ya sentensi hiyo.

*Viko pamoja tu, havikuchanganyika wala kushikana.* Hapa tenga ndiyo mahali pake. Tenga ni kuweka kando. Separate the damaged boxes ni "Tenga maboksi yaliyoharibika." Ikiwa ni kwa ukubwa au daraja, panga hupendeza zaidi: kwenye mwalo wa Deep Sea, Separate the fish by size ni "Panga samaki kwa ukubwa." Angalizo dogo kwa wanaosoma harakaharaka: tenga la samaki ni kapu, nalo huja karibu na kitenzi hiki sokoni. Ukiona "tenga la" au "matenga", si agizo.

*Ni mambo ya akilini.* Separate fact from rumour haihitaji ungo. Sema pambanua: "Pambanua ukweli na uvumi." Tofautisha nayo inafaa pale unapoonyesha kwamba vitu viwili si kimoja. Chambua ni kulichukua jambo moja na kulitazama kipande kwa kipande. Bagua itumie kwa uangalifu. Zamani ilikuwa kuchagua na kuweka mbali tu, na wazee bado huisema hivyo kwa embe na viazi, lakini ikielekezwa kwa watu leo inabeba ubaguzi, na Kiingereza chake si separate tena.

*Yanaachana yenyewe.* Hakuna mkono unaofanya kazi. Oil and water separate ni "Mafuta na maji hujitenga." Kwenye chupa ya juisi, Separation is natural, shake well ni "Kujitenga si kuharibika, tikisa kabla ya kunywa." Na hili la jikoni linastahili daftari lako: If it boils too hard, the coconut milk will separate ni "Likichemka sana, tui litakatika." Tui halitengani, linakatika. Mtu aliyesimama mbele ya sufuria na mwiko mkononi anasema hivyo, nawe andika hivyo.

Kabla hujaondoka jikoni, onyo. Separate three eggs haina maana ya kuweka mayai matatu kando. Ni "Vunja mayai matatu, utenge ute na kiini." Maelekezo ya keki huagiza hivi kwa sababu ute peke yake ndio unaopigwa ukaumuka. Kikiingia kiini hata kidogo, mafuta yake huuzuia ute kushika povu. Mpishi aliyeelewa vibaya hapa atagundua kosa dakika 20 baadaye, keki ikiwa imelala.

Hatua ya 4. Fuata kijineno kinachokuja nyuma

Kosa kubwa la sisi wenyeji wa Kiswahili liko hapa, na asili yake ni ile na yetu inayofanya kazi zote. Tunasema "tenga mchele na mchanga", kisha tunaipeleka Kiingereza: separate the rice with the sand. Mwingereza akisikia with anaelewa kwamba mchanga ndicho chombo cha kutengea. Neno sahihi ni from: separate the sand from the rice.

Kurudi upande wa pili kuna mtego wake. From ikigeuzwa neno kwa neno inazaa "tenganisha mchanga kutoka kwenye mchele". Inaeleweka, lakini nyumbani hakuna anayesema hivyo. Sema "Toa mchanga kwenye mchele."

Vijineno vingine vichache:

- separate into: kitu kimoja kinakuwa vikundi au vipande. Separate the class into four groups ni "Ligawe darasa katika makundi manne." Hapa tumia gawa, si tenga.
- separated by: kilichoko katikati. Tanga and Pemba are separated by the Pemba Channel ni "Kati ya Tanga na Pemba kuna Mlango wa Pemba." Usiuvalishe Mlango kitenzi cha kutenganisha isipokuwa mwandishi anataka kusisitiza umbali.
- separate out: kutoa kimoja ndani ya vingi. "Toa" au "chagua" hutosha.
- separate between: usiandike. Tunaiazima kutoka "tenganisha kati ya". Ukitaka between, kitenzi chake ni distinguish: distinguish between salt and sugar.
- separate apart: nayo iache. Apart inarudia kilichokwisha kusemwa.

Hatua ya 5. Tazama kama kuna mtendwa

Kiingereza kinatumia umbo lile lile kama kuna anayetenganisha au hakuna. Kiswahili kinabadilisha mkia wa kitenzi, na mkia ukikosewa sentensi yote inapinduka.

Tenga: mtu anaweka kitu kando. Tengana: wawili wanaachana wao kwa wao. Tenganisha: wa tatu anawafanya waachane. Jitenga: mmoja anajiondoa kwa hiari yake. Tengwa: amewekwa kando na wenzake, na kwa mtu neno hilo ni zito. Vivyo hivyo bandua na banduka, ambua na ambuka. Ile -uka inakuambia kwamba kitu kimetoka na mtendaji hatajwi.

Kwa hiyo The label has separated from the bottle ni "Lebo imebanduka." She separated the label from the bottle ni "Alibandua lebo kwenye chupa." Kipimo cha haraka: baada ya separate kuna jina bila kijineno kama from au into? Kama lipo, kuna mtendwa. Kama inafuata from moja kwa moja, au nukta, hakuna.

Hatua ya 6. Ikiwa ni watu, punguza mwendo

Wagomvi huamuliwa. The teacher separated the two boys, ikiwa walikuwa wanapigana, ni "Mwalimu aliwaamua wale wavulana wawili." Ikiwa walikuwa wanapiga soga darasani, ni "aliwakalisha mbalimbali". Sentensi ni ile ile, kwa hiyo soma aya nzima kabla ya kuchagua.

Aliyepotea katika msongamano hakutenganishwa na mtu. The boy got separated from his mother at the market ni "Mtoto alipotezana na mama yake sokoni." Lakini children separated from their parents by the war ni watoto waliotenganishwa na wazazi wao na vita, maana hapo kuna kilichowatenga.

Kuhusu ndoa, usitumie mazoea ya mtaani kwenye fomu. Mtaani "wameachana" hubeba yote: wamegombana, wanaishi mbalimbali, wamepeana talaka. Fomu inataka kimoja. Separated ni waliotengana huku ndoa ipo. Divorced ni waliopeana talaka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaviweka mbali pia: mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana au ya talaka, na amri ya kutengana haiivunji ndoa. Aliyetengana hana ruhusa ya kujiandika Single. Karani, muulize mteja kwa upole na kwa faragha, "Mama, talaka imeshatoka, au mnaishi mbalimbali tu?" Jibu lake ndilo linalochagua kisanduku.

Yapo maneno ya mapenzi na ya urafiki yasiyokubali kugeuzwa neno kwa neno. They are inseparable ni "Ni chanda na pete." They went their separate ways ni "Kila mtu akashika njia yake."

Hatua ya 7. Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza

Hapa mambo yanageuka: sisi tuna vitenzi vingi, na ukivigeuza vyote kuwa separate, Kiingereza chako kinakuwa butu. Kila kimoja kina chake:

- pepeta: winnow
- chekecha: sift au sieve
- chuja: strain kwa tui na chai, filter kwa maabara na maji ya kunywa
- chagua au chambua mchele: pick over
- pukuchua mahindi: shell
- fua nazi: husk
- menya: peel
- bandua: peel off, au detach kwa lugha ya ofisi
- pasua: split
- gawa: divide ikiwa ni kwa sehemu, share out ikiwa kila mtu anapata chake
- panga kwa aina: sort, panga kwa ubora: grade, kama wanavyofanya kwenye mkonge
- pambanua: distinguish
- amua wagomvi: separate, au break up a fight

Kwa mwanafunzi wa kemia, mtihani ukisema Name the method you would use to separate, jibu ni jina la njia, si kitenzi. Andika filtration au by filtering, usiandike filter peke yake. Na njia huchaguliwa kwa tabia ya vitu. Mchanga na maji: chuja. Vumbi la chuma na mchanga: sumaku. Mafuta ya taa na maji: faneli ya kutenganishia, yenye bomba chini, maji yanatoka kwanza kwa kuwa ndiyo mazito. Chumvi iliyoyeyuka kwenye maji haichujiki, inapita kwenye karatasi pamoja na maji yake. Ukitaka chumvi, vukiza maji, kama jua linavyofanya kwenye mashamba ya chumvi ya pwani hii. Ukitaka maji, nasa mvuke wake na uupoze, ambayo ni distillation. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapo kwa sababu neno separate limewafanya wasahau kuuliza kipi kinatakiwa kibaki.

Hatua ya 8. Jipime

Funika majibu kwa kiganja. Jaza safu ya kati kwanza.

1. Separate the beans from the stones.
2. The handle has separated from the pan.
3. Store in a separate room.
4. Police separated the crowd into two lines.
5. The river separates the two villages.
6. My parents are separated.

Majibu: 1. Chambua maharage, utoe mawe. 2. Mpini wa kikaango umechomoka. 3. Hifadhi kwenye chumba kingine. 4. Polisi waliupanga umati katika mistari miwili. 5. Kati ya vijiji hivyo viwili kuna mto. 6. Wazazi wangu wametengana.

Kama la 3 umeandika "chumba kilichotenganishwa", rudi hatua ya 2. Kama la 2 umeandika "umetenganisha", rudi hatua ya 5. La 1 lina majibu zaidi ya moja, ilmradi mkono unaonekana unafanya nini.

Ukikwama

*Sentensi ni sahihi lakini inasomeka kama ya mashine.* Hesabu umetumia tenganisha mara ngapi. Ikizidi moja kwenye aya, rudi safu ya kati. Karibu kila mara utakuta umeiacha tupu.

*Sijui kazi yenyewe inavyofanyika.* Usibahatishe kitenzi. Muulize anayeifanya: mpishi, fundi, mkata mkonge. Mwombe aonyeshe kwa mikono, kisha umuulize, "Hapo unafanya nini?" Neno atakalolitoa ndilo. Asipopatikana, eleza tendo waziwazi: "mimina maji ya juu taratibu, mashapo yabaki chini" ni bora kuliko kitenzi cha kamusi kisichojulikana na msomaji.

*Kamusi imenipa tenga, tenganisha, bagua na achanisha, zote kwa mstari mmoja.* Kamusi inakuonyesha mlango, haikuchagulii chumba. Achanisha ibakize kwa walioungana au kupendana. Zilizobaki umeshaziona kwenye hatua ya 3 na ya 5.

*Nimeambiwa matamshi yangu hayaeleweki.* Mara nyingi shida ni mkazo, si herufi. Piga meza kwa kidole ukitamka SE, kisha silabi zilizobaki zipite kwa haraka bila kupiga. Jirekodi kwenye simu na ulinganishe na sauti ya kamusi.

*Lebo ina neno separate peke yake, bila sentensi.* Tazama iko wapi. Kwenye karatasi yenye vitobo: "Chana hapa." Kwenye pipa la taka, ambapo mapipa yako mawili au matatu yenye rangi tofauti: "Tenga taka", na chini yake uandike aina ya taka za pipa hilo, kwa sababu neno hilo peke yake halitamwambia mtu ganda la ndizi aliweke wapi. Kwenye kitufe cha mashine: usitafsiri mpaka umeona mashine ikifanya kazi.